Disketi Juu ya Meko ya Mama

Kwa mama yangu, kitu ambacho hakijapata moshi hakijahifadhiwa. Kimewekwa tu. Mbegu ya mahindi isiyopitia moshi italiwa na fukusi kabla mvua haijaja. Kibuyu cha maziwa kisichokaa juu ya moto kitaota ukungu. Karatasi ukiiweka kabatini kwenye nyumba ya mabati, mchwa watakuja na wezi watakuja, na ukiwauliza mchwa watakwambia ni wezi. Ndivyo alivyokuwa akisema. Kwa hiyo jikoni kwake, ile nyumba ya nyasi iliyosimama nyuma ya nyumba kubwa, kulikuwa na dari ya fito juu ya meko, kwetu tunaiita tabut, na huko ndiko kulikokaa mali yote ya boma: mbegu, vibuyu, kuni za wakati wa mvua, na mfuko wa turubai wenye vyeti vyetu vya ubatizo.

Wezi walikuja kweli mwaka mmoja. Walibeba redio ya baba, saa ya ukutani na hata pazia. Jikoni hawakuingia, kwa maana ni mwizi gani anatafuta mali ndani ya moshi? Tangu hapo hata baba, ambaye alikuwa mtu wa ofisi na kufuli, alimletea mama hati ya shamba akamwomba aipandishe juu. Hati hiyo ipo mpaka leo. Imekuwa rangi ya chai ya rangi, lakini kila neno linasomeka.

Nasema haya mapema ili mtu asije akamcheka mama yangu. Wapo waliomcheka. Mmoja ni jamaa yetu wa karibu, na nilimjibu siku hiyo maneno ambayo mpaka sasa tukikutana kanisani kila mtu anatazama kitabu chake cha nyimbo.

Baba alikuwa karani katika ofisi ya shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Alistaafu akaja kukaa kwetu karibu na Kiptere, kwenye ekari alizonunua kidogo kidogo, akapanda chai yake mwenyewe na kufuga ng'ombe. Lakini karani hastaafu. Alikuwa mzee wa kanisa, na watu wakigombana juu ya mpaka au mahari walikuja kwake, na kila jambo aliliandika kwa taipureta mpaka taipureta ikachoka. Ndipo kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika ofisi yenye kompyuta, akamletea moja iliyokwisha kutumika. Stima tulikuwa nayo kwa sababu kiwanda cha chai kilikuwa karibu. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya tisini, na kijiji kizima kilikuja kuiangalia hiyo mashine kama vile watu wanavyokuja kuangalia ndama mapacha.

Baba aliipenda, lakini aliiogopa. Wajukuu walikuwa wanaibonyeza. Wapwa zake walikuwa wanaingia chumbani eti wanajifunza. Na ndani yake kulikuwa na siri za watu: nani alikataa mtoto, nani alisogeza jiwe la mpaka. Akamwambia kaka, "Hii kitu inafungwa vipi? Kabati nimezoea kufunga." Kaka hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Huyo mtu anapenda kufuli kuliko mlango. Akaweka programu moja inayogeuza kila kilichoandikwa kuwa takataka isiyosomeka mpaka mtu aandike paswadi. Paswadi ni baba peke yake aliyeijua, hata kaka hakumwonyesha. Na kwa ajili ya siku ambayo mzee angesahau, programu hiyo ilitengeneza ufunguo wa akiba ndani ya disketi moja. Ukiwa na disketi hiyo, mashine inafunguka hata bila paswadi. Ukikosa vyote viwili, basi. Kaka alituelezea baadaye kwamba hata aliyeitengeneza programu yenyewe hawezi kukusaidia, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejivunia.

Programu ilisema ufunguo usikae pamoja na kompyuta, uwekwe mahali pengine salama. Kaka akaichukua ile disketi nyeusi, akatoka nayo nje, akampa mama aliyekuwa anakamua ng'ombe. Maneno aliyomwambia nayajua kwa sababu mama aliyarudia kwangu mara nyingi, bila kuongeza wala kupunguza: "Mama, weka hii mahali salama kabisa. Ni kitu ya baba. Ikipotea, tumekwisha." Mama akaifuta mikono, akaipokea. Kaka akaondoka kwenda Nairobi. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimeolewa upande wa Kapkatet na nilikuwa nafundisha huko. Laiti ningekuwepo, ingawa sijui kama ningesema lolote. Labda nami ningeona ni jambo la wasomi wa Nairobi, nikaendelea kumenya viazi.

Sasa wacha niseme kilichokuwa ndani ya mashine hiyo, maana isingekuwa hicho, mimi nisingekuwa na haja ya kuandika haya. Mashauri ya mipaka na mahari yangeweza kuteketea yote na watu wangelala usingizi.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza katika hospitali ya Kapkatet, mama alikuja kunitazama. Alimpakata yule mtoto, akamwangalia sana, kisha akaniambia kwa lugha yetu, polepole, "Wako wa kwanza huyu hapa. Wangu wa kwanza sijui amelala wapi." Mimi nilikuwa nimekua nikijua kwamba kaka ndiye wa kwanza. Nilidhani nimesikia vibaya kwa uchovu. Lakini aliendelea. Alisema wakati wao wangali vijana, wakikaa katika kambi ya wafanyakazi kule kwenye shamba la chai, walipata mtoto wa kike. Aliishi majuma machache, akashikwa na kifua, akafariki. Baba na mwenzake mmoja wakamfunga katika shuka, wakatoka naye. Mama hakuambiwa wapi. Hakutakiwa kwenda, hakutakiwa kuuliza, na jina la mtoto halikutajwa tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa umri wao. Mtoto mchanga akienda, mama yake hufungwa mdomo eti asije akakosa wengine. Baadaye baba alihamishiwa shamba jingine, wakaondoka kwenye kambi hiyo, na yule mwenzake alirudi kwao akafia huko.

Mama alizaa wengine, sisi. Alikuwa Mkristo kamili, mwimbaji wa kwaya, na alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mizimu ni upuuzi. Lakini swali hilo, mtoto alizikwa wapi, hakuliuliza. Nilimwuliza kwa nini hamwulizi baba sasa, uzee umeshaingia, watoto tumeshakua. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. Akasema, "Nitamwuliza kwa mdomo gani?"

Na baba naye, kumbe, alikuwa amebeba hilo jambo miaka yote hiyo. Alipoanza kuugua, akamwita mama kitandani. Akamwambia, "Ile safari ya shuka. Nimeandika. Nimeandika mahali nilipomweka, na njia ya kufika. Nikishaondoka, watoto watakusomea." Mdomo wake ulikataa, ila vidole vyake vilikubali. Mimi nimekasirika na baba kwa ajili hiyo kuliko nilivyomkasirikia kwa lolote lingine, na marehemu hakasirikiwi, najua. Lakini alikuwa ameketi na mke wake kwenye kitanda kimoja. Sentensi moja tu. Badala yake akaenda kumwambia mashine, halafu akaifunga.

Mama hakulalamika. Kwake hiyo ilikuwa habari njema. Aliniambia jambo hilo akiwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu baba aanze kuugua. Alisema akishasomewa ataenda mwenyewe, atapeleka maziwa kidogo na maua, na atakaa naye saa nzima. "Nimwombee kama mtu," alisema. "Hajawahi kuombewa."

Baba alifariki mwanzoni mwa msimu wa kupanda. Tulimzika, wageni wakaja, wageni wakapungua. Kaka akasema sasa tuangalie mambo ya mzee. Akawasha mashine na mashine ikauliza paswadi. Tukaangaliana.

"Iko disketi," kaka alisema. Tukaanza kutafuta. Nakwambia tuliichimbua nyumba ile. Tulitoa droo za meza ya baba zote chini, tukakung'uta Biblia zake, tukapekua makoti ya marehemu mfuko kwa mfuko. Kaka, aliyekuwa amesahau alimpa nani, aliapa kwamba alimwachia baba mwenyewe, kisha akaapa kwamba alirudi nayo Nairobi, kisha akaanza kumshuku binamu yetu. Wakati huo wote mama alikuwa nje na wanawake wenzake wa kanisa, na hakuna mmoja wetu aliyetoka kwenda kumwuliza. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowafundisha watoto wa watu darasani. Lakini mama hajui kusoma, na tulikuwa tunatafuta kitu cha kompyuta, sasa tungemwuliza nini? Ndivyo tulivyofikiri. Aibu naiona sasa.

Mwishowe aliingia mwenyewe kuchukua vikombe, akaona nguo za marehemu zimetapakaa sakafuni. Alisimama mlangoni.

"Mnatafuta nini katika nguo za baba yenu?"

"Disketi, mama," kaka alisema. "Kitu kidogo, nyeusi, mraba."

"Ile uliyonipa?" Mama akaweka vikombe chini. "Si ni mimi nilipewa. Iko salama. Ngojeni."

Tulicheka wote, kicheko cha watu waliopona. Kaka alimkumbatia, jambo ambalo si kawaida yetu. Tukamfuata jikoni. Akapanda kwenye kigoda, akaingiza mkono juu ya dari, mahali palepale penye moshi mwingi kuliko pote, juu kabisa ya moto, akashusha kifuko cha kitambaa kilichokuwa kimening'inia karibu na mbegu. Alikuwa na furaha ya mtu anayetoa zawadi.

Akakifungua. Disketi ilikuwa imejipinda. Ilikuwa na rangi ya masizi na inanata ukiigusa. Na kile kimlango chake cha chuma, kile kinachofunguka na kujifunga chenyewe, alikuwa amekivuta na kukifunga kwa uzi ili kikae wazi.

"Hako kamlango kalikuwa kanakataa," alieleza. "Kanarudi tu. Nikaona moshi hautaingia ndani, iharibike. Ndiyo nikakafunga hivyo. Kila nikitia kuni nilikuwa natazama juu kama bado iko wazi."

Kaka aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Mimi nilielewa nusu tu, lakini uso wake ulinieleza nusu iliyobaki, nikajikuta namtazama kwa hasira kiasi kwamba nilitoka nje nisije nikamtukana mbele ya mama wakati wa matanga. Miaka ya shule, safari za ng'ambo, na hakupata pumzi moja ya kumwambia mama yake: usiweke karibu na moto. Alisema salama. Mama yetu alijua salama ya aina moja tu, na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote angeweza kuifanya.

Kaka alijaribu kuiingiza ndani ya mashine jioni ileile. Mashine ilinguruma, ikakwaruza, ikanyamaza. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, kitambaa kipya kichwani, mikono juu ya magoti, akingoja kusomewa.

"Inachukua muda, mama," kaka akasema.

"Sina haraka," akajibu.

Tuliipeleka disketi Kericho mjini, kwa kijana mmoja aliyekuwa na duka la kutengeneza kompyuta karibu na stendi. Aliigeuza, akainusa, akauliza kwa mzaha, "Hii mlikuwa mnaichoma na mahindi?" Kaka alicheka kidogo kwa aibu. Mimi sikucheka, na yule kijana akaona ni heri afanye kazi. Alitoa lile gamba la nje, akatuonyesha kile kiduara cha ndani kilivyojikunja na kushika lami ya moshi. Alisema pole. Kaka aliibeba mpaka Nairobi kwa watu wanaojua zaidi, nao wakasema vilevile kwa maneno marefu zaidi.

Ikabaki paswadi. Kaka alikusanya maneno. Aliniuliza mimi, akawauliza wadogo zetu, akamwuliza ndugu wa baba: mzee alipenda neno gani? Tukampa majina ya ng'ombe, kijiji alichozaliwa, mistari ya Biblia, jina la mwalimu wake, majina yetu yote kwa mbele na kwa nyuma. Alijaribu kila wikendi akija. Mashine ilikataa yote kwa adabu ileile. Baada ya miezi kadhaa nilisikia kwamba hajaribu tena. Nilipomuuliza, alisema amefuta kila kitu, akaweka programu mpya, akaitoa mashine kwa shule ya msingi ya pale kijijini, watoto wajifunze. "Ilikuwa chuma tu," alisema. "Ilikuwa inaniumiza nikiiona." Nilielewa kwamba inamwuma. Nilimwambia ni vizuri, angalau itafaa watu. Na wakati ule kweli niliona ni vizuri.

Aliyebaki ni mama, na hakuna aliyetaka kumwambia. Kaka alisema nimwambie mimi kwa sababu mimi ni msichana. Nilikwenda nikamkuta anasafisha vibuyu, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia mashine ilikuwa imezeeka, mambo ya baba hayakupatikana.

Alisugua kibuyu kwa muda. "Mashine ya juzi imezeeka kuliko mimi?"

Niliokota kibuyu kingine, nikaanza kukisugua.

"Ni moshi," akasema.

Mimi ni mwalimu. Najua kusema uongo mdogo wa kumtuliza mtoto. Ulikuja mpaka kwenye ulimi, ukabaki hapo. Mama aliona.

"Mngeniambia," alisema. Hakupandisha sauti. "Mtu mmoja tu angeniambia, mama, hii haitaki moshi. Kwani mimi ningekataa? Ningeilalia chini ya mto. Ningeibeba kifuani." Kisha akaanza kulia, na mama yangu si mtu wa kulia mbele ya watoto wake. Alilia akiwa ameshika kile kibuyu, na mimi nikalia, na hatukuweza kusaidiana. Nimewahi kufiwa, na siku ile ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kifo hakina mtu ambaye angeweza kusema neno moja kikazuilika.

Baadaye akaniomba jambo moja. Nimpeleke tu kule kambini. Hata kama hajui mahali, aone hata ardhi yenyewe.

Tulikwenda siku ya kawaida ya kazi, nikiwa likizo. Kambi waliyokaa haikuwepo. Nyumba zile zilibomolewa, na mahali pote palipandwa chai, mistari iliyonyooka mpaka mlimani, majani yamekatwa sawasawa. Mama alisimama barabarani akijaribu kupanga mahali: hapa palikuwa na bomba la maji, hapa duka, hapa njia ya kwenda mtoni. Alinyoosha mkono, akaushusha, akaunyoosha kwingine. Wachumaji walikuwa katikati ya chai na vikapu mgongoni. Nyapara, kijana kutoka upande wa Kisii, alituona tumesimama sana akatujia.

"Habari ya asubuhi, mama. Naweza kuwasaidia?"

Mama alimjibu kwa Kiswahili chake, kabla mimi sijafungua mdomo. "Mimi natafuta mtoto yangu."

"Anafanya kazi hapa?"

"Iko hapa," mama akasema.

"Ni kijana ama msichana?"

"Msichana."

"Anaitwa nani, tumwite?"

Nilitaka kuingilia kati, nieleze. Nilimshika mama mkono. Lakini alikuwa ananyanyua kidevu, na nikaona kwamba anajiandaa kwa kitu. Kisha akalitaja. Jina la dada yangu, nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na mbele ya nyapara. Ni jina la kawaida kabisa, kwetu hupewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri.

Nyapara aliweka mikono mdomoni, akaliita kwa nguvu juu ya chai yote. Vichwa vitatu vikainuka. Mmoja karibu, wawili mbali kule juu, wasichana wenye aproni za plastiki na vitambaa vichwani. Wote wakaitika.

"Yupi ndiye wako, mama?" nyapara akauliza.

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, muda mrefu, mpaka yule wa karibu akaanza kuona haya. "Waache," alisema. "Waache wafanye kazi." Akamshukuru nyapara, akamwuliza habari za wazazi wake, akageuka tukaanza kurudi barabarani.

Njiani nilimwambia ni jina zuri. Nikamwuliza kama kaka analijua.

"Atalijua wapi?" mama akasema. "Hilo jina lilikuwa la watu wawili. Mimi na baba yenu. Mimi sikulitaja, lakini yeye, siku za mwisho, kila akikaa kwenye ile mashine, kabla hajaanza kuandika, nilikuwa namsikia analisema polepole. Nikawa nafikiri ni uzee."

Nilisimama. Mama alitembea hatua kadhaa kabla hajaona kwamba nimebaki nyuma. Akaniuliza kama kuna kitu kimeingia kwenye kiatu. Nikasema ndiyo, nikainama, nikakaa hivyo nimeinama, nikifungua na kufunga kamba ya kiatu, maana sikutaka auone uso wangu. Sina uhakika kama ndilo neno ile mashine ilikuwa ikilingoja. Hakuna atakayekuwa na uhakika tena. Tuliuliza kila mtu mzee alipenda neno gani, mpaka ng'ombe tuliwataja, na mama alikuwa akitupikia chai huku tukiuliza.

Nilimpandisha gari la kwenda nyumbani, nikamwambia nina shughuli kidogo mjini. Nilikwenda kwenye simu za posta, nikampigia kaka ofisini Nairobi. Nilimwambia jina lile. Nilimwambia alichosikia mama. Nilimsikia akivuta kiti, akikaa. Nilingoja aseme kitu, hata kama ni kunikatalia, hata kama ni kusema haiwezekani. Niliendelea kutia sarafu mpaka zikaisha.